PAMBO LA MEZA YA WALIMA: MIKONO YETU AU DENI?

Shukrani zote ni za Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu Waislamu, umeenea katika miji yetu, kuanzia Dar es Salaam na Tanga hadi Unguja, mtindo wa kuifanya walima kuwa maonesho ya mapambo. Hukodiwa ukumbi, kisha hukodiwa mpambaji, naye huiwekea kila meza pambo lake la katikati: chombo kirefu cha kioo, maua ya plastiki, shanga, taa za rangi, na mara nyingine bilauri zilizotengenezwa kwa ajili ya mvinyo, zimepinduliwa juu ya kioo! Wageni hukaa hapo saa chache, hata nyuso zao hawaonani kwa urefu wa pambo lile, na usiku mpambaji hukusanya vyombo vyake akavipeleka kwenye harusi ya kesho. Bwana harusi hubaki na picha na deni.

Tuupime mzigo huu kwa mfano. Tuseme ukumbi una meza 30, na pambo la kila meza limekodiwa kwa shilingi 20,000 tu. Hizo ni shilingi 600,000 zilizotolewa kwa kitu kisicholiwa, kisichovaliwa, wala kisichobaki nyumbani kwa maharusi. Zimetoka wapi? Zimetoka katika kadi za michango, ambazo hupelekewa hata mjane na mlinzi wa usiku, nao hutoa kwa kuona haya, si kwa kuridhika. Na kijana asiye na kamati ya kumchangia huambiwa asubiri mwaka mwingine. Huu ndio msiba wenyewe: si ua, bali ni ndoa iliyocheleweshwa kwa ajili ya ua.

Tusifahamike vibaya. Hatusemi kwamba kupamba meza ni haramu. Mapambo ni katika mambo ya ada, na asili ya mambo ya ada ni uhalali mpaka ipatikane dalili ya kukataza. Katika Suratul A'raf, aya ya 32 inawakemea wanaoliharamisha pambo ambalo Allah amewatolea waja wake; na aya iliyo kabla yake, ya 31, inakataza israfu. Aya hizi mbili zimekaa pamoja, na hana haki mtu kushika moja akaiacha ya pili. Aidha, imethibiti katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) amemtaka anayepewa rehani asiikatae, kwa kuwa ni nyepesi kubeba na ina harufu nzuri. Tazameni sifa hizo mbili: wepesi na uzuri. Pambo linalomtia mtu deni limekosa wepesi, na ua la plastiki halina hata harufu.

Wapo watakaosema: "Harusi ni mara moja maishani, na wanawake ndio wanaotaka." Udhuru huu si mpya. Abdullah bin Umar (R.A.) alimwalika Abu Ayyub al-Ansari (R.A.) katika harusi ya mwanawe Salim. Abu Ayyub alipoona kuta zimefunikwa kwa vitambaa alikasirika. Ibn Umar akatoa udhuru kwamba wanawake wamewashinda. Abu Ayyub hakuukubali, akaondoka bila ya kula. Ikiwa hayo yalisemwa juu ya kitambaa cha ukutani katika nyumba ya mtu aliyeshika Sunna kama Ibn Umar, tutajibu nini sisi ambao kamati zetu zinaongozwa na wanaume wenye kalamu na daftari, kisha lawama tukawatwika mama zetu?

Wengine watasema: "Michango ina asili katika Sunna." Ni kweli kwamba Mtume (S.A.W.) alipomuoa Bi Safiyya (R.A.), wakirejea kutoka Khaybar, aliwataka watu walete walicho nacho. Yakatandikwa mabusati ya ngozi, wakaleta tende, maziwa makavu na samli, vikachanganywa, na hiyo ikawa ndiyo walima yake. Lakini zingatieni, ndugu zangu: waliombwa walicho nacho, hawakupangiwa kiwango. Wakaleta chakula, na chakula kikaliwa. Iko wapi qiyasi baina ya tende zile na kioo cha kukodi?

Basi anayependa meza ipendeze, na atumie mikono yake na ya jamaa zake. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alikuwa akishona viatu vyake na kutia viraka nguo zake, na hakuna aibu katika kazi ya mkono. Wakusanyike mama, shangazi, mabinti na majirani alasiri ya siku yenyewe. Kila meza iwekewe kikapu kidogo cha ukili au sinia ya nyumbani, na ndani yake bilauri fupi ya maji. Matawi ya rehani yatiwe humo, baada ya kuondolewa majani ya chini, kwani jani linalozama huoza na kuharibu maji. Asumini zichumwe zingali vikonyo, zihifadhiwe katika kitambaa chenye unyevunyevu, nazo zitafunguka zenyewe jioni wageni wanapoingia. Mlangilangi moja au mbili hutosha meza nzima kwa harufu. Pambo lisipite kidevu cha aliyekaa, ili watu waonane na wazungumze. Na pembeni mwa maua iwekwe sahani ya tende, ili pambo lenyewe liwe karamu. Baada ya shughuli, wanawake wafunge maua hayo vikuba wavivae majumbani mwao, si njiani mbele ya wanaume wa kando.

Zaidi ya fedha itakayobaki, ipo faida nyingine. Binti anayefungiwa maua na shangazi yake husikia nasaha za ndoa katika kazi ile ile, na jirani aliyeshiriki kwa mikono hakudaiwa kadi. Hilo mpambaji wa kukodi hawezi kuliuza.

Hata hivyo, tuzichunge nia zetu. Kazi ya mkono nayo yaweza kuingiwa na riyaa, nyumba hii ikataka kuishinda ile kwa vikapu kama walivyoshindana kwa vioo. Na asiye na bustani wala nafasi, aiache meza yake tupu bila ya kuona haya. Walima haikupungua kitu kwa meza isiyo na ua. Iliyo mbaya, kama alivyotufundisha Mtume (S.A.W.), ni ile wanayoitiwa matajiri wakaachwa mafakiri.

Enyi wazazi, na nyinyi wajumbe wa kamati: kabla ya kuandika kadi nyingine, futeni kwanza mstari wa mapambo katika daftari, mkaulizane ni masikini wangapi wa mtaa wangeshiba kwa fedha hiyo, na ni kijana gani angeoa mwezi huu.

Tunamuomba Allah (S.W.) azitie baraka ndoa za vijana wetu na atuepushe na israfu. Wabillahi tawfiq.