Nyota Nyeusi Juu ya Shamba la Alizeti

Kati ya 2017 na 2024 mkoa wa Singida umeingia Ligi Kuu ya mpira ya Tanzania kwa majina manne. Ilianza Singida United, iliyopanda 2017, ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka uliofuata na kufungwa na Mtibwa Sugar, kisha ikashuka 2020. Mwaka 2022 ikaja Singida Big Stars, timu iliyopanda daraja ikiitwa DTB. Baada ya msimu mmoja ikawa Singida Fountain Gate, na hatimaye ikauacha mkoa wenyewe, ikahamia Babati na kubaki Fountain Gate tupu. Pengo lake likazibwa na Ihefu ya Mbarali, iliyong'olewa Mbeya katikati ya msimu wa 2023/24 na baadaye kubatizwa Singida Black Stars.

Jina hili la mwisho lina uzito kuliko yote yaliyotangulia, na ndilo lililonifanya niandike. Nyota nyeusi ina ukoo. Mwaka 1919, jijini New York, Mjamaika Marcus Garvey alianzisha kampuni ya meli ya Black Star Line. Hisa zake ziliuzwa kwa watu weusi, wengi wao vibarua na watumishi wa majumbani, ili wamiliki chombo cha kuwaunganisha na Afrika. Meli zilikuwa kuukuu, madeni yakazidi, kampuni ikafa baada ya miaka mitatu. Nyota haikufa. Kwame Nkrumah alisoma maandishi ya Garvey akiwa mwanafunzi Marekani, na Ghana ilipopata uhuru 1957 bendera iliyochorwa na mwanamama Theodosia Okoh ilikuwa na nyota nyeusi katikati. Timu ya taifa ikaitwa Black Stars. Kuanzia hapo nyota hiyo ikawa alama ya mtu mweusi asiyeomba ruhusa ya kung'ara. Leo iko kwenye kofia, fulana na michoro ya ukutani kutoka Kingston hadi Accra.

Ndiyo maana makampuni ya dunia nzima yanaupenda mvuto wa mtu mweusi. Utembeaji wake, lugha yake ya mtaani, muziki wake na mitindo yake ya nywele vinauza viatu, soda na simu. Mara nyingi waliobuni mvuto huo kwa jasho na wakati mwingine kwa damu hawaoni faida yake. Sisi Waafrika tumezoea kulalamikia jambo hili linapofanywa na wageni. Swali langu ni je, tunapolifanya wenyewe, kwa kuchukua jina lenye historia na kulibandika kwenye leseni ya mpira, tunalitendea haki zaidi?

Wapo watakaosema jina ni jina, kinachotakiwa ni ushindi. Siwezi kuwapuuza. Singida Black Stars imeleta mengi kwa muda mfupi: nafasi ya nne kwenye ligi msimu wa 2024/25, fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya Yanga, na mnamo Septemba 2025 Kombe la Kagame, baada ya kuifunga Al Hilal ya Sudan jijini Dar es Salaam. Mshambuliaji Mghana Jonathan Sowah aliifungia timu hiyo mabao kabla Simba haijamchukua. Bila fedha za wawekezaji hakuna hata kimoja kati ya hivyo. Timu za mikoani zinazotegemea michango ya wadau na ahadi za wakati wa uchaguzi tumeziona zikifa moja baada ya nyingine, na Singida United ni kaburi la karibu kabisa.

Lakini fedha hununua kikosi, hainunui simulizi. Siku hizi klabu huishi zaidi kwenye simu kuliko uwanjani, na Instagram ni moja ya majukwaa yetu makubwa. Fungua kurasa nyingi za klabu zetu uone kilichomo: mchezaji mpya ameshika jezi, nembo ya mdhamini, matokeo, salamu za siku ya kuzaliwa. Simba na Yanga huweka hayo hayo, ila nyuma yao kuna hadithi nene ambayo babu alimpa baba na baba akampa mtoto. Simba ilikuwa Sunderland hadi 1971, ilipoliacha jina la mji wa Waingereza na kuchukua la mnyama wetu. Yanga ilizaliwa 1935 ikijiita Vijana wa Afrika kwa lugha ya mtawala, na leo mashabiki wake wanajiita Wananchi. Msemaji wa klabu hizo akifungua mdomo anavuna shamba lililolimwa na wengine kwa karibu miaka tisini.

Singida nayo ina shamba lake, na kwa kweli limeshapandwa. Mashabiki na watangazaji wamezibeba timu za mkoa huu, jina baada ya jina, kwa lakabu moja: Walima Alizeti. Wenye timu wamebadilika, leseni zimehama, lakabu imebaki. Naiona kuwa ndiyo ubunifu mkubwa kuliko wote katika hadithi hii. Mjini neno "mshamba" ni tusi, na "mtoto wa mjini" ni sifa. Mtu akijiita mlima alizeti kwa kifua mbele, mbele ya kamera za Dar es Salaam, ameligeuza tusi kuwa cheo. Huo ndio mvuto wa mtu mweusi katika asili yake: kukichukua ulichodharauliwa nacho na kukivaa mpaka mwenzako atamani kukivaa pia. Garvey angeuelewa mara moja.

Kuna tunu nyingine ambayo hakuna wakala wa matangazo angeweza kuibuni. Uwanja wa mpira wa Singida mjini, uliokuwa ukiitwa Namfua, unaitwa Liti. Masimulizi ya Wanyaturu, wenyeji wa mkoa huu, yanamtaja Liti Kidanka, mwanamke aliyewakabili Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na silaha yake ilikuwa nyuki. Mwanamke mweusi, katika nchi kame yenye majabali, anawarudisha nyuma askari wenye bunduki kwa wadudu wa mzinga! Mkoa huohuo hadi leo unajulikana kwa asali yake, na nyuki hao hao ndio wanaochavusha maua ya alizeti. Wabunifu wa Lagos au Atlanta wangekesha kutafuta hadithi kama hii. Jezi ingeweza kubeba sega la asali. Video ya dakika moja, kwa sauti ya bibi wa Kinyaturu akisimulia kwa lugha yake na maandishi ya Kiswahili chini, ingezunguka kila simu nchini. Mwaka 2025 klabu ilifungua uwanja wake mpya, jambo la kupongezwa, nao ukaitwa Airtel. Sina ugomvi na mdhamini, kwa kuwa analipa na anastahili kuonekana. Nasikitika tu kwamba katika kuhama huko Liti ameachwa nyuma.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: jina la mkoa lisiwe bidhaa inayokodishwa bure. Leo timu ikihamishwa, shabiki hasikilizwi popote. Shirikisho la mpira, TFF, na Bodi ya Ligi, wanaosimamia leseni za klabu, waweke sharti kwamba anayechukua jina la Singida, Mbeya au Lindi akae nalo miaka kadhaa inayofahamika, na akiondoka aache kitu: timu ya vijana, kumbukumbu za picha na video, na lakabu waliyoibuni mashabiki. Wawekezaji watasema sharti hilo litawafukuza. Sidhani. Aliyejenga uwanja wake Singida ameshaonyesha nia ya kukaa, na sharti hilo lingemlinda dhidi ya wanaopita njia.

Na deni hili la anayeondoka lina upande mwingine, ulio mbali na Singida. Ihefu ni jina la ardhioevu ya Usangu inayoulisha Mto Ruaha Mkuu. Tarehe 29 Novemba 2022, pale Ubaruku, timu yenye jina hilo iliifunga Yanga mabao 2-1 na kukata mlolongo wa mechi 49 za ligi bila kupoteza. Watu wa Mbarali walilala wakiwa wamefanya kilichowashinda wote kwa zaidi ya msimu mmoja na nusu. Leseni yao imeondoka, na siku ile haina tena klabu ya kuiadhimisha. Ukurasa wa Singida Black Stars unaweza kuanzia hapo Novemba ijayo, kwa kuiweka picha ya Ubaruku na kuandika chini yake, kwa herufi kubwa, Ihefu.