Moyo wa Mashindano Hufunzwa

"Moyo wa mashindano mtu huzaliwa nao, asiyekuwa nao hafundishiki." Kwenye viwanja vya gofu kauli hii husemwa na makocha, wazazi, hata kedi waliobeba mifuko miaka mingi, na husemwa mbele ya watoto. Ingekuwa kweli, Bobby Jones asingekumbukwa leo. Mwaka 1921, akiwa na miaka 19, Mmarekani huyo alikwama kwenye mchanga wa shimo la 11 pale St Andrews, Uskoti, hasira zikampanda na mashindano yakamwishia hapo. Kijana wa leo angefanya hivyo tungekuwa tumeshamhukumu. Jones alijifunza kuitawala hasira yake. Mwaka 1927 alirudi St Andrews akatwaa mashindano hayohayo, yaani Open, na mwaka 1930 akashinda mashindano yote manne makubwa ya zama zake ndani ya msimu mmoja.

Dai la pili ni pacha wa la kwanza: jasiri haogopi. Tazama raundi ya mwisho ya Masters, Augusta, tarehe 13 Aprili 2025. Rory McIlroy wa Ireland Kaskazini aliianza siku akiongoza kwa mikwaju miwili. Mwaka 2011, kwenye uwanja huohuo, aliwahi kuamka siku ya mwisho akiongoza kwa minne, akamaliza raundi kwa mikwaju 80 na kuporomoka hadi nafasi ya 15. Hakuwa ameshinda shindano kubwa lolote tangu 2014, na Masters ndilo pekee lililobaki ili akamilishe yote manne. Shimo la kwanza, linalotakiwa mikwaju minne, akatumia sita, na uongozi wake ukafutika hapohapo. Shimo la 13, fimbo fupi mkononi na grini, yaani eneo la nyasi fupi lenye shimo, ikiwa wazi mbele yake, akautumbukiza mpira kijitoni. Shimo la 18 ulibaki mkwaju mmoja, chini ya mita mbili, awe bingwa. Akakosa.

Asiyeogopa hachezi hivyo. Lakini dakika chache baadaye yeye na Justin Rose walirudishwa kwenye shimo lilelile la 18 ili mshindi apatikane, na McIlroy akaupeleka mpira wake wa pili karibu kabisa na shimo, akauingiza, akapiga magoti akilia. Woga haukumwacha siku ile. Alichokuwa nacho ni uwezo wa kuupiga mkwaju ulio mbele yake bila kuuburuta ule uliopita, na uwezo huo hufanyiwa mazoezi: kusimama nyuma ya mpira, kuchagua mahali mpira unapotakiwa kuangukia, kuvuta pumzi, kusogea, kupiga, hatua zilezile kwa mpangilio uleule, iwe ni Jumanne ya mazoezi au siku ya kombe. Mapigo ya moyo yataenda mbio na viganja vitalowa jasho. Mchezaji aliyeambiwa mapema kwamba hayo ni ya kawaida hatayachukulia kuwa ishara ya kushindwa.

Kuna ushauri mwingine unaotolewa kwa nia njema: "Angalia, usipige majini." Mwaka 1998 mwanasaikolojia wa Marekani Daniel Wegner na wenzake waliwapa watu kazi ya kusukuma mpira wa gofu hadi alama fulani, wakiwaonya wasiipitishe. Walioonywa hivyo huku akili zao zikiwa na kazi ya kukariri namba waliupitisha mpira zaidi. Akili iliyoelemewa hulifuata lilelile inaloambiwa ilikwepe. Kedi anayejua kazi yake hataji maji kabisa. Humwonyesha mchezaji mti au kichaka cha kulenga.

"Basi tulia, ufikirie kila kiungo." Kwa anayeanza, ushauri huu una maana, kwa sababu bado anajenga mtindo wake. Kwa mzoefu ni sumu. Majaribio ya Sian Beilock, naye wa Marekani, yalionyesha kwamba wachezaji wazoefu hukosea zaidi wanapotakiwa kufuatilia kila hatua ya mkwaju wao. Kazi ambayo mikono imeshaizoea hukwama akili inapoanza kuisimamia upya.

Na anayekosa mkwaju mfupi, je, ana moyo mwepesi? Hesabu zinakataa. Wachezaji wa kulipwa wa ngazi ya juu Marekani, kutoka futi nane, yaani karibu mita mbili na nusu, huingiza takriban nusu tu ya mikwaju yao. Nusu nyingine wanaikosa, na hawa ndio bora duniani. Pia wapo ambao mkono hushtuka wenyewe karibu na shimo, na kwa baadhi yao tatizo ni la mishipa ya fahamu wala si la ujasiri. Bernhard Langer wa Ujerumani aliteswa na hali hiyo kwa miaka mingi, na bado alishinda Masters mwaka 1985 na 1993. Kumwita mtu wa namna hiyo mwoga ni ukatili.

Limebaki dai linaloniuma kuliko yote, ambalo husikika Nairobi kila Kenya Open inapomalizika: wachezaji wetu wanajua kupiga, ila hawana moyo. Ni kweli mashindano hayo yalianza mwaka 1967 na hadi 2025 hakuna Mkenya aliyeyashinda. Lakini tangu 2019 yako kwenye ratiba ya ligi kuu ya Ulaya, na wageni wanaokuja Muthaiga au Karen hucheza mbele ya kamera na watazamaji karibu kila wiki, pesa ya kula ikitegemea matokeo yao. Mwenzao wa hapa hukutana na hali hiyo mara chache sana kwa mwaka. Beilock na Thomas Carr walionyesha mwaka 2001 kwamba waliojifunza mikwaju ya grini huku wakirekodiwa kwa kamera hawakuyumba walipowekewa shinikizo baadaye, tofauti na waliojifunza bila kutazamwa. Kinachokosekana kwetu ni mazoea ya kushinikizwa, na mazoea hayo tunaweza kuyatengeneza wenyewe.

Kwa hiyo nawaomba wasimamizi wa klabu, kuanzia Lugalo na Arusha hadi Muthaiga na Entebbe: waandalieni vijana na kedi mashindano madogo ya kila wiki, yenye zawadi, yenye watu wamesimama kuzunguka grini, matokeo yabandikwe ubaoni. Nanyi makocha, kijana akikosa mkwaju wa mwisho, msimwambie hana moyo. Mpeni mkwaju uleule Jumamosi ijayo, watu wakimtazama.