Kuzima Taa Si Kutengeneza Injini

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baad.

Miongoni mwa magomvi yanayoletwa mbele ya kamati za misikiti siku hizi ni yale ya mitambo ya mitumba. Ndugu huchanga, mama huuza dhahabu yake, mjane huweka fungu la mirathi la wanawe, wakanunua ekskaveta, ambayo mitaani twaiita kijiko, ili waikodishe kwenye machimbo ya kokoto na misingi ya majengo. Wiki ya pili injini yanguruma ghafla bila kuamriwa, taa ya onyo yawaka, na fundi anasema kuwa injini imepitiliza mizunguko. Muuzaji naye hujibu kwa neno moja: niliuza kama kilivyo.

Wanazuoni wametufunza kuwa hukumu ya kitu hutanguliwa na kukifahamu. Basi na tuanze kwa fundi kabla ya kufika kwa faqihi.

Injini ya kijiko ina mpaka wake. Nyingi huzunguka kiasi cha mara 1,800 hadi 2,200 kwa dakika pindi opereta anapoiweka katika mwendo wa juu. Ikiuvuka mpaka huo kwa mbali, valvu hukosa wasaa wa kufunga zikagongana na pistoni, na fimbo ya pistoni yaweza kukatika. Ndiyo maana kompyuta ya injini huwasha taa na kuliandika tukio hilo katika kumbukumbu yake.

Swali la kwanza ni hili: je, habari hiyo ni ya kweli? Kompyuta haina macho. Huhesabu meno ya gurudumu kwa njia ya sensa. Sensa iliyolegea, waya uliochubuka au meno yaliyovunjika vyaweza kuipa hesabu ya uongo. Fundi makini hatosheki na kioo cha dashibodi. Hubandika utepe unaong'aa kwenye puli ya krenki, kisha akapima mizunguko kwa kipimo cha mkononi. Dashibodi ikiruka ilhali kipimo cha mkononi kimetulia, ugonjwa u katika sensa au waya, na tiba yake si ghali. Vyote viwili vikikubaliana, basi injini imepitiliza kweli, na iko kitu inachokula pasipo idhini.

Kitu hicho ni dizeli au oili. Dizeli huzidi pale gavana ya pampu inapokwama, au katika vijiko vya zamani, pale mota inayovuta mkono wa pampu inapopoteza kipimo chake. Oili huingia pale sili za tabo zinapochakaa, au ilipojazwa kupita alama ya kijiti. Alama zake ni moshi wa rangi ya buluu na oili nyingi ndani ya bomba la hewa litokalo kwenye tabo. Na kijiti kikionesha oili imepanda yenyewe, tena inanuka dizeli, ujue dizeli inavujia ndani ya injini. Madereva wa malori huulizia mteremko, kwa kuwa lori lililo katika gia ndogo huisukuma injini yake likishuka. Kwa kijiko sababu hiyo ni nadra, maana kati ya injini na minyororo yake yapo mafuta ya haidroliki na valvu za kuzuia.

Tahadhari moja ni ya uhai. Injini inayokula oili yake yaweza kuendelea kunguruma hata ufunguo ukizimwa. Kinachoizima ni kukatiwa hewa, kwa kufunika mdomo wa kuvutia hewa kwa ubao mgumu. Mkono au kitambaa havitumiki kamwe, kwani huvutwa ndani. Asiyeweza kuufikia mdomo huo kwa salama, na akae mbali na awaondoe watu.

Hapa ndipo hila huingia. Kabla ya kukionesha kijiko, huitwa fundi mwenye kompyuta akafuta onyo, taa ikazimika, na mnunuzi akaoneshwa mtambo uliotulia kwa robo saa. Lakini si kila kumbukumbu hufutika. Katika injini nyingi za Caterpillar zinazoongozwa na kompyuta, tukio la kupitiliza mizunguko halifutwi bila neno la siri la kiwandani. Huandikwa limetokea mara ngapi, na saa ya kazi ya tukio la kwanza na la mwisho. Ukikuta tukio limeandikwa kwenye saa ya 11,000 ilhali saa ya dashibodi yasoma 6,000, umepata habari mbili kwa mpigo: injini ilipitiliza, na saa imechezewa au imebadilishwa.

Hila hii si ngeni. Zama za Mtume (s.a.w.) walikuwapo waliofunga viwele vya ngamia na mbuzi siku kadhaa ili maziwa yajae na mnunuzi adanganyike. Mtume alilikataza hilo, na akampa mnunuzi khiyari baada ya kukama: amweke mnyama, au amrudishe pamoja na pishi ya tende. Taa iliyozimwa kabla ya soko ni kiwele kilichofungwa.

Ama kauli ya "kama kilivyo", Imam Nawawi ameeleza katika Minhaj kwamba, kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Imam Shafi'i, sharti la kujitoa kwenye aibu humwokoa muuzaji kwa aibu ya ndani ya mnyama ambayo hakuijua, basi. Kijiko si mnyama, na aliyeita fundi wa kufuta taa hawezi kusema hakujua. Wahanafi wameupanua zaidi mlango wa sharti hilo, lakini kuficha aibu unayoijua ni haramu kwa wote. Na fundi aliyefuta huku akijua kusudio amesaidia katika dhambi, hata kama ujira wake ulikuwa mdogo.

Mnunuzi naye ana wajibu. Kwa Mashafii, khiyari ya aibu ni ya papo hapo. Aliyeijua aibu kisha akaendelea kukikodisha kijiko amejifungia mlango mwenyewe. Na injini ikiharibika upya mkononi mwake, hakirudishi kwa nguvu, bali hudai fidia ya upungufu.

Basi, enyi mnaobeba mali za mayatima: lipeni fundi wenu wenyewe, si wa muuzaji. Mwambieni asome kumbukumbu ya kompyuta, apime mizunguko kwa mkono, akiendeshe kijiko kazini hadi kipate moto, na aandike alichokiona. Mkataba uandikwe mbele ya mashahidi, na aibu zilizotajwa ziorodheshwe. Nanyi wauzaji, semeni aibu, mpunguze bei, mlale. Pesa iliyopungua kwa ukweli ina baraka kuliko ile itakayodaiwa na yatima mbele ya Allah.

Wabillahi tawfiq.