Kazi za Mikono Zipimwe Zingali Mikononi: Funzo la Upinde

Katika shule nyingi za msingi, kazi za mikono hupimwa siku moja tu, nayo ni siku ya mwisho. Mwalimu huwaagiza wanafunzi walete ufagio, mwiko au mpini wa jembe. Siku ikifika hupita mezani, hutazama, hutoa alama, na somo likawa limekwisha. Matokeo yake twayafahamu sote. Aghalabu ufagio unaopata alama nyingi ni ule uliofungwa na bibi, na mpini ulio bora kuliko yote umenunuliwa sokoni. Mtoto aliyechonga mwenyewe, akakosea, akarekebisha, hupata alama chache kuliko mwenziwe ambaye hakugusa kisu. Kwa maoni yetu, kosa hapa si la mtoto wala la mzazi. Ni kosa la njia ya kupima.

Twapenda kuwaeleza walimu wanafunzi kazi moja ambayo haikubali kupimwa namna hiyo, yaani kutengeneza upinde wa mti. Upinde ukingoja kupimwa siku ya mwisho, siku hiyo utakuwa ama fimbo isiyokunjika, ama vipande viwili.

Upinde hutokana na mti mgumu wenye kunyumbuka. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, ambao wavulana wao hupewa upinde mdogo wangali watoto sana, hutumia mkole pamoja na miti mingine ya porini. Uchaguliwe mti ulionyooka, usio na mafundo, ambao nyuzi zake zapita moja kwa moja kutoka ncha hadi ncha. Upande unaoelekea shabaha tutauita mgongo, na ule unaomwelekea mpigaji tutauita tumbo. Upinde unapovutwa, nyuzi za mgongo hutanuka na nyuzi za tumbo hubanwa. Kwa hiyo mgongo haukatwi. Hubanduliwa gome tu, kwani uzi ukikatwa mgongoni, hapo ndipo ufa utakapoanzia. Kuchonga kote hufanywa tumboni na ubavuni. Mti ukiisha kuchongwa umbo lake la kwanza, ukaushwe kivulini polepole. Mti mbichi hukunjika upesi, lakini haurudi ulivyokuwa.

Baada ya hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza, nayo ni kuusawazisha upinde. Upote ufungwe ukiwa mlegevu, upinde uvutwe kidogo tu, na wanafunzi wasimame kando wautazame mkunjo wake. Je, nusu ya juu yakunjika sawa na nusu ya chini? Je, mkunjo ni laini kama sehemu ya duara, au pana mahali palipojikunja kama kiwiko na mahali pengine palipokaza kama ubao? Penye ukakamavu pawekwe alama ya mkaa, kisha pakwanguliwe kidogo kidogo. Penye mkunjo mkubwa pasiguswe kabisa. Jicho la mtoto huvutwa na mahali palipojikunja, akataka kuchonga papo hapo. Jambo hilo hapana budi lielezwe mapema, maana upinde unaojikunja mahali pamoja hukatika mahali hapo. Kila baada ya kukwangua, upinde uvutwe mara 20 au 30 kwa kiasi kile kile kilichokwisha kufikiwa, ili mti uonyeshe badiliko lake, ndipo utazamwe tena. Usivutwe zaidi mpaka mkunjo uwe sawa.

Mwalimu ataona kwamba kazi hii yabeba hesabu na sayansi bila kulazimishwa. Tuchukue mfano wa unene. Ugumu wa mti unaokunjwa hufuata upana wake, lakini hufuata unene wake mara tatu ukizidishwa kwa wenyewe. Upana ukipunguzwa kutoka milimita 40 hadi 36, ugumu hupungua sehemu moja ya kumi. Unene ukipunguzwa kutoka milimita 20 hadi 18, ugumu hupungua kwa zaidi ya robo. Mtoto aliyekwisha kuona jambo hili kwa macho yake hataharakisha kisu tena.

Kupima nguvu za upinde nako hakuhitaji chombo cha maabara. Panda ya mti isimikwe imara, na upinde ulazwe juu yake, mgongo ukiwa juu na upote ukiwa chini. Ndoo iliyokwisha kupimwa uzito itundikwe katikati ya upote, karibu na ardhi, nao wanafunzi wakae kando. Yamiminwe maji lita moja moja. Kila lita ni kilo moja. Kila mara ipimwe upote umeshuka sentimita ngapi, na vipimo viandikwe na kuchorwa grafu. Kwa mtoto wa darasa la sita, upinde wa urefu wa sentimita 120, unaovutwa sentimita 40 kwa uzito wa kilo 6 au 7, watosha kabisa.

Fikra hii ya kujaribu, kurekebisha na kujaribu tena si ngeni katika ualimu. Huko Uingereza alikuwako mwalimu aliyeitwa Roger Ascham, ambaye alimfundisha Elizabeth kabla hajawa malkia mwaka 1558. Mwaka 1545 alichapisha Toxophilus, kitabu juu ya ufundi wa upinde. Humo alishauri kwamba mtu akiisha kununua upinde autumie kwanza uwandani, aijue tabia yake, ndipo aurudishe kwa fundi aufupishe na kuukwangua hata ukunjike sawa pande zote. Mtu huyo huyo ndiye aliyeandika The Scholemaster, kitabu juu ya kufundisha kilichotolewa mwaka 1570, baada ya kifo chake, ambamo aliwapinga walimu wa kuchapa watoto ovyo.

Basi twapendekeza nini? Kwanza, alama za kazi ya mikono zigawanywe katika hatua, na sehemu kubwa itolewe kazi ingali inaendelea. Pili, kila mwanafunzi awe na daftari la kazi, aandike alichoona, alipokwangua na sababu yake. Tatu, upinde uliovunjika usipewe sifuri. Ikiwa mtoto aweza kuvionyesha vile vipande viwili na kueleza ni kwa nini mti ulikatika pale, amejifunza kuliko yule aliyeleta upinde mzuri uliochongwa na baba yake. Nne, mwalimu asimnyang'anye mtoto kisu. Amwulize tu, "Wapi panakaza?" kisha angoje jibu.

Watakuwako watakaosema kwamba upinde ni silaha. Ni kweli, na kwa sababu hiyo mishale yenye chembe isiingie shuleni, upinde usivutwe kumwelekea mtu, wala upote usiachiwe pasipo mshale, maana huweza kuupasua mti. Wanafunzi waelezwe pia kwamba sheria hukataza kuwinda bila kibali. Mwalimu asiyeridhika achague mpini wa jembe, nao una mti wake, nyuzi zake na majaribio yake. Wengine watasema muda hautoshi. Miti iandaliwe muhula mmoja kabla, na usawazishaji ugawanywe katika vipindi vya majuma manne. Mahali penye fundi mzee kijijini, aalikwe. Aghalabu atafurahi kuulizwa.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, nasi walimu twaupenda sana usemi huo. Yafaa tukumbuke kwamba fundi wa upinde hafanyi hivyo. Yeye hungoja mti ukauke, huukunja kidogo, hutazama, na hutaka urudi kwa nguvu zake wenyewe. Ni matumaini yetu kwamba walimu wanafunzi watakapokwenda katika mazoezi ya kufundisha, watapita katikati ya watoto wanapochonga, daftari la alama likiwa mkononi, badala ya kungoja mezani siku ya mwisho.