Somo la Biolojia Halina Pande Mbili

Wengi huamini kuwa haki darasani ni kumpa mwanafunzi pande zote: mwalimu afundishe mageuko ya viumbe, afundishe na uumbaji, kisha mtoto ajichagulie. Hoja hiyo ina sura ya uungwana, lakini inamdhulumu mtoto.

Yaliyotokea Dover, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, yanaivunja hoja hiyo. Mwaka 2004 bodi ya shule iliagiza wanafunzi wa darasa la tisa wasomewe tamko kwamba nadharia ya Darwin ya mageuko ina mapengo, na kwamba kipo kitabu cha “usanifu wenye akili”, yaani dai kwamba viumbe vilibuniwa na mbunifu mwenye akili, wanachoweza kukirejelea. Walimu wa biolojia walikataa katakata. Maofisa elimu wakaingia madarasani kulisoma wenyewe, na wazazi 11 wakaenda mahakamani.

Huko rasimu za kitabu hicho zilianikwa hadharani. Za awali zilitaja uumbaji waziwazi. Mwaka 1987 Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha sheria ya Louisiana iliyotaka uumbaji ufundishwe sambamba na mageuko. Ndipo waandishi wakafuta neno la zamani, la uumbaji, na kupachika jipya, la usanifu, kwa haraka kiasi kwamba mahali pamoja herufi za lile la zamani zilisalia mbele na nyuma ya lile jipya. “Upande wa pili” ulikuwa ni ule ule, umebadilishwa jina tu.

Mahakamani humo wanasayansi walikuja na ushahidi wa mageuko. Kenneth Miller, mwanabiolojia na Mkatoliki, alieleza kuwa binadamu ana kromosomu 46, sokwe 48. Kama asili yao ni moja, jozi iliyopungua iko wapi? Imo katika kromosomu ya pili ya binadamu: katikati yake zimo alama ambazo kwa kawaida hukaa ncha za kromosomu, mahali mbili zilipoungana kuwa moja. Usanifu haukuwa na jambo la namna hiyo la kupimwa. Tarehe 20 Desemba 2005 Jaji John Jones, aliyeteuliwa na Rais George W. Bush, aliamua kuwa usanifu huo si sayansi.

Afrika Mashariki kosa hili lina sura yake. Vitabu vya historia vya kidato cha kwanza nchini Kenya vilizoea kuorodhesha uumbaji, visasili na mageuko kama nadharia tatu za asili ya binadamu, zenye uzito mmoja. Mwanafunzi alikariri orodha, na hali nchi yake ndiyo yenye mvulana wa Nariokotome, mifupa ya mtu wa kale iliyofukuliwa magharibi ya Ziwa Turkana baada ya mtafuta visukuku Kamoya Kimeu kuona kipande cha fuvu mwaka 1984.

Uumbaji haukosi nafasi Kenya. Elimu ya dini, ya Kikristo na ya Kiislamu, ina vipindi na mitihani yake, na huko ufundishwe kwa ukamilifu na heshima. Kwingineko, orodha ya namna ile isirudiwe, na mwanafunzi aelezwe jinsi majivu ya volkano yalivyowawezesha wataalamu kujua kwamba mvulana yule aliishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita.