Kulia Si Kushindwa

Neno 'ushindi' hutajwa sana makanisani. Jumapili utamsikia mtu akishuhudia jinsi alivyopata kazi, mwingine jinsi mwanawe alivyopita mtihani, na mwingine jinsi alivyopona ugonjwa. Ushuhuda kama huo ni mzuri na unastahili shukrani. Lakini je, yule aliyeomba kwa imani iyo hiyo na bado akampoteza mtoto, atashuhudia nini? Je, yeye ameshindwa?

Swali hili si geni kwa wakazi wa Kakamega. Jumatatu, Februari 3, 2020, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Kakamega walikuwa wakitoka madarasani jioni ili warudi nyumbani. Msongamano ulitokea kwenye ngazi za jengo la ghorofa, watoto wakaangukiana na kukanyagana. Watoto zaidi ya kumi walifariki na wengine wengi wakajeruhiwa. Siku chache baadaye waombolezaji walikusanyika katika uwanja wa Bukhungu kwa ibada ya pamoja.

Katika mji wenye makanisa mengi kama huu, haikosi miongoni mwa wazazi wale walikuwamo waliomkabidhi Mungu watoto wao asubuhi ile. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Kumwambia mzazi kama huyo kwamba imani yake ilikuwa haba ni kumpiga aliyekwisha anguka.

Biblia yenyewe haisemi hivyo. Yesu alimlilia rafiki yake Lazaro, ilhali alijua kwamba angemfufua. Mtume Paulo alimwomba Mungu mara tatu amwondolee mwiba uliomsumbua mwilini. Mwiba haukuondolewa, alipewa neema ya kuubeba. Zaburi nazo zimejaa malalamiko ya watu waliomuuliza Mungu kwa nini amewasahau. Watu hao hawakuwa wamemwacha Mungu. Anayelalamika mbele za Mungu bado anazungumza naye.

Basi ushindi wa kiroho ni nini? Ni kukataa msiba ukupokonye na kile ulichobakiwa nacho. Wako wanaofiwa kisha wakaizamisha huzuni katika chang'aa. Wako mume na mke wanaolaumiana mpaka nyumba ikavunjika. Wako pia wanaowasahau watoto waliobaki kwa kumlilia aliyeondoka. Hapo ndipo vita vilipo, na hapo ndipo imani hufanya kazi yake.

Ukiwa katika hali hiyo, usijitenge. Nenda ibadani hata kama huna nguvu za kuimba, wengine watakuimbia. Mweleze mchungaji wako au jamaa unayemwamini yaliyo moyoni. Usingizi ukikuhama kwa majuma mengi, mwone daktari au mshauri nasaha. Kufanya hivyo si kukosa imani, kwani Luka, mwandamani wa Paulo, alikuwa tabibu.

Nawe unayekwenda kufariji, chunga ulimi. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kunena neno, na hapo walifanya vyema. Walikosea walipoanza kumweleza sababu za msiba wake. Wamisionari wa kanisa la Friends walipofika Kaimosi, si mbali na mji wa Kakamega, mwaka wa 1902, walitoka katika dhehebu ambalo asili ya ibada yake ni kunyamaza mbele za Mungu. Ukimya huo unafaa sana matangani. Chota maji, pasua kuni, waoshe watoto, kisha keti.

Vile vile, tusifanye maombi kuwa kisingizio. Kumwamini Mungu hakutuzuii kuuliza kama ngazi za shule zinatosha, au kama watoto wamefundishwa kushuka kwa utaratibu. Mzazi anayeuliza hivyo ili mtoto wa mwenzake awe salama ameugeuza uchungu wake kuwa upendo, na huo ni ushindi mkubwa.

Nawe mwanafunzi uliyeanguka mtihani, au uliyefukuzwa kwa kukosa karo, usidhani haya hayakuhusu. Mungu hakupimi kwa cheti wala kwa risiti. Lia ukitaka kulia, mweleze mzazi au mwalimu ukweli, kisha utafute hatua inayofuata.

Ndugu msomaji, huenda asubuhi ya leo uliweza tu kuamka, ukachemsha chai na kumnong'onezea Mungu maneno mawili. Usijidharau. Kwa mtu aliyejeruhiwa, hiyo si hatua ndogo. Kesho piga nyingine.