Mchekeshaji wa Bweni Letu

Alhamisi moja mwaka jana, boom likiwa limeingia jana yake, mwenzangu wa chumba alipanda juu ya kiti cha plastiki kwenye korido ya ghorofa ya pili akaanza kumwigiza mhadhiri wetu wa saikolojia ya elimu. Alivaa koti langu la presentesheni na miwani ya kuazima, na mkononi alishika chupa ndogo kama maiki. Watu walitoka vyumbani na ndoo zao za kufulia, wakazigeuza wakakalia. Tulicheka mpaka mmoja akaomba poo. Mimi ndiye niliyerekodi, na ile video ilizunguka kwenye magrupu ya kozi tatu kabla hakujakucha.

Saa tisa usiku nilienda bafuni nikamkuta amelala sakafuni, shavu kwenye maji. Nikapiga picha. Nayo nikaituma.

Simtaji jina, na hata jina la utani nimeliacha kwa sababu bweni zima litamtambua. Nimempa makala haya ayasome kabla sijayatuma kwa mhariri. Aliomba niondoe sehemu moja tu, nimeiondoa.

Sasa niwapeleke mbali kidogo. Likizo iliyofuata, binamu yangu alinipa flashi iliyojaa tamthilia ya vichekesho ya Kimarekani, Friends. Misimu yote 10, sehemu 236. Ilianza kurushwa Septemba 1994, mwaka uleule ambao Tanzania Bara ilianza kupata televisheni. Baba anasema mwaka ule mtaani kwao kulikuwa na seti moja, na mwenye nayo alikuwa anatoza watoto sarafu dirishani. Kwa hiyo wale vijana sita wa New York, wanaokunywa kahawa kwenye kochi moja kila siku bila anayewauliza kazi yao inaendaje, hawakuwa utoto wa baba wala wangu. Lakini nilinasa. Niliangalia kama mtu anayebukua usiku wa kuamkia UE.

Nilipomaliza nikatafuta kile kipindi cha Mei 2021 ambapo waigizaji wote sita walikutana tena kwenye studio waliyokuwa wakirekodia. Vipindi vya namna hii vimekuwa vingi. Waliowahi kuchekesha pamoja miaka ya tisini wanarudishwa kwenye seti ya zamani, wanagusa makochi, machozi yanawatoka, tunaambiwa zile zilikuwa enzi. Sina ugomvi na kukumbuka. Ila katikati ya yale machozi ya furaha, Matthew Perry, aliyemcheza Chandler, yule mwenye utani wa haraka kuliko wote, alisema jambo ambalo nililirudisha nyuma mara tatu. Alisema hadhira ya pale studio isipocheka alikuwa anahisi kama atakufa. Jasho linamtoka, mwili unamtetemeka. Na alihisi hivyo kila usiku wa kurekodi.

Lisa Kudrow, aliyekaa naye kwenye seti ile miaka 10, alishangaa. Hakuwahi kuwaambia.

Angalieni hilo. Watu sita waliopendana kweli, si mapenzi ya kwenye kamera tu. Hawa walikuwa wakikaa meza moja kudai mishahara kwa pamoja, kila mmoja alipwe sawa na mwenzake, mpaka misimu miwili ya mwisho wakafikia dola milioni 1 kwa kila sehemu, kila mtu. Chama cha wafanyakazi cha watu sita! Na bado mmoja wao alikuwa anakufa kidogo kidogo kila wiki mbele ya macho yao, mbele ya hadhira, mbele ya mamilioni ya watu sebuleni, na kilichosikika ni kicheko.

Mwaka uliofuata Perry alitoa kitabu cha maisha yake. Anasimulia kwamba alianza kunywa akiwa na miaka 14. Alipata ajali ya pikipiki ya majini akiwa kwenye filamu, akapewa vidonge vya maumivu, na kuna kipindi alifika kumeza vidonge 55 kwa siku. Anasema hakuwahi kuigiza akiwa amelewa, ila alikuja na hangova nyingi tu. Na anatuonyesha kitu ambacho ukishakijua huwezi kuiangalia tena ile tamthilia kwa amani: mwili wake wenyewe ulikuwa unasema. Akiwa amenenepa, ujue ni pombe. Akiwa amekonda, ni vidonge. Aliwahi kuiambia BBC kwamba hakumbuki miaka mitatu ya kazi hiyo, katikati ya msimu wa 3 na wa 6. Na ile harusi ya Chandler na Monica ya mwaka 2001, ambayo dada yangu huwa anairudia? Alipomaliza kuirekodi alipakiwa kwenye gari akarudishwa kwenye kituo cha matibabu alikokuwa amelazwa.

Tunaposikia miaka ya tisini Hollywood tunaona taa. Klabu za usiku za Los Angeles, watu wazuri, magari. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Oktoba 1993 kijana wa miaka 23, River Phoenix, alianguka nje ya klabu ya Viper Room pale Sunset Boulevard akafa kwa dawa za kulevya. Filamu ya kwanza ya Perry aliigiza na huyo Phoenix. Yaani onyo lilikuwa kwa mtu aliyemfahamu, na mwaka uliofuata Friends ikaanza na taa zikaendelea kuwaka. Hata huku kwetu wazee wakianza hadithi za madisko ya Dar enzi hizo utadhani hakuna mtu aliyerudi nyumbani akatapika. Mjomba wangu mmoja anaweza kukutajia bendi iliyopiga kila Jumamosi ya mwaka 1996. Muulize rafiki zake wa mezani wako wapi, anabadilisha mada.

Najua kuna atakayesema huyu kaokoka, anataka kutufungia viwanja. Hapana. Mimi natoka. Nakula bata kama wengine, nacheza vibaya mpaka naombwa nikae. Hoja yangu ni nyembamba zaidi ya hapo: kila bweni, kila darasa, lina Chandler wake, na sisi tumejipa kazi ya kuwa hadhira. Tunamlipa kwa kicheko. Akinyamaza tunamuuliza "mbona leo huna vibe?" Akipooza tunamwongezea. Mtu ambaye kiti chake pale korido kinatokana na kulewa kwake, ataacha vipi kulewa? Tumemwajiri.

Na ukiangalia vizuri, chuo chenyewe kimejengwa kulisaidia hilo. Mtu ana miaka 20, ametoka nyumbani ambako alikuwa anafungiwa geti saa mbili, anapewa fedha za miezi miwili kwa mkupuo. Serikali ilipiga marufuku viroba Machi 2017, sawa, ila anayetaka kunywa kwa bei ndogo hajawahi kukosa njia, na anayeuza anajua tarehe ya boom kuliko sisi. Bajeti ya usiku wa kuwakaribisha mwaka wa kwanza inapita bila mjadala. Ofisi ya ushauri nasaha ina mtu mmoja, anafunga saa tisa na nusu alasiri. Ni nani anayeharibikiwa saa nane mchana?

Nirudi kwa mwenzangu. Muhula wa pili alikosa mtihani wa majaribio mara mbili, akapata sapu tatu. Alitutangazia matokeo yake kama utani pia, kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. Tukacheka pia, kweli, nakiri. Aliyeshtuka hakuwa mimi niliyelala mita moja kutoka kitandani kwake. Alikuwa mama anayetuuzia chipsi. Aliniita pembeni akasema, "Mwanangu, huyo mwenzako hali. Anakuja kukaa tu." Mama wa chipsi! Mimi nilikuwa nimefanya kozi nzima ya kutambua mwanafunzi mwenye matatizo, nikapata B+.

Usiku ule nilimuuliza. Niliuliza vibaya, kama polisi. Akatania. Nikauliza tena kesho yake, akakasirika, tukanuniana siku nne kwenye chumba cha mita tatu kwa nne, jaribuni muone. Siku ya tano, taa zikiwa zimezimwa, ndiyo akazungumza. Aliyosema ni ya kwake. Ila kuna sentensi moja ameniruhusu: alisema hajui kama tungemtembelea chumbani asipokuwa anachekesha.

Hapa lazima niwe mkweli, maana makala kama haya hupenda kuishia na "basi tuulizane, yote yatakuwa sawa". Perry aliulizwa. Anaandika kwamba Jennifer Aniston alimwendea akamwambia wanajua anakunywa, wanasikia harufu. Anamsifu kuwa ndiye aliyemfikia zaidi. Na baada ya hapo bado aliendelea kuanguka na kuinuka kwa zaidi ya miaka 20, akiwa na fedha za kulipia matibabu yoyote duniani. Alifungua hata nyumba yake mwenyewe Malibu iwe soba hausi ya wengine. Oktoba 28, 2023 alikutwa amekufa nyumbani kwake akiwa na miaka 54, kwa ketamini. Watu watano walishtakiwa, wawili wao madaktari. Uraibu ni ugonjwa, na ugonjwa hauponi kwa swali la roommate.

Lakini swali la roommate ndilo linalomfikisha mtu kwa anayetibu. Kwetu lilichukua wiki sita zaidi, safari mbili hospitali ya rufaa, na simu moja kwa dada yake ambayo aliichukia na baadaye akaishukuru. Ameahirisha muhula. Hajadisko, ameahirisha, na tofauti ya maneno hayo mawili watu wa ofisi ya taaluma wanaijua vizuri kuliko wanavyotuambia. Mwenye shida kama hii asisubiri matokeo, aandike barua mapema na aambatanishe cheti cha daktari.

Mwakani, Mungu akipenda, wengi wetu wa elimu tutakuwa kwenye shule ambazo walimu wote wanaishi nyumba za mstari mmoja, jioni hakuna pa kwenda isipokuwa kwa mama muuza pombe. Atakuwepo mwalimu mcheshi. Wapo kila shule, mimi mwenyewe nilifundishwa fizikia na mmoja, tulimpenda sana, na Jumatatu hakuwa anakuja. Hakuna mtu ofisini kwao aliyewahi kuona ajabu. Sisi wanafunzi tulishangilia kipindi huru.

Perry alisema katika mahojiano kwamba akifa asingependa Friends iwe kitu cha kwanza kutajwa, angependa kitajwe kwanza kwamba alisaidia watu kuacha pombe. Nami nimeanza na Friends. Anisamehe.

Mwenzangu anarudi Novemba. Ameniomba chumba kilekile. Amesema pia nifute zile video, na nimefuta za kwangu, ila zilizo kwenye simu zenu siwezi kuzifikia. Ukiwa nayo ile ya kiti cha plastiki, unajua ipo wapi. Na kikao cha bajeti ya usiku wa mwaka wa kwanza ni mwezi ujao, nimeshaomba nafasi ya kuzungumza. Nitauliza ni shilingi ngapi kati ya hizo zingetosha kumweka mshauri mmoja ofisini mpaka saa sita usiku, siku za boom tu.